Gauni la Friji

"Karibu mama! Ngozi yako inang'aa leo. Je, familia yako hupenda barafu yenye umbo la moyo?"

Shangazi Yustina alisimama. Alilitazama friji lililomsemesha kuanzia miguuni hadi kichwani: milango minne, kioo kipana kifuani, taa za zambarau zilizokuwa zikimkonyeza.

"Wewe," aliliambia, "mimi nimekuja kununua. Sijaja kuchumbiwa."

Paskalina alicheka mpaka akashika mbavu. Muuzaji naye alicheka, lakini upesi akabonyeza kitufe ili friji lake lisiendelee kujiaibisha.

Ilikuwa Jumamosi, na gulio la vifaa la Singida lilikuwa limejaa uwanja wote chini ya majabali. Juu ya majabali yale mapanga ya upepo yaliyofua umeme wa mtaa yalizunguka, meupe na marefu, na vivuli vyake vilipita juu ya majiko, pasi, feni na watu bila kubagua. Shangazi Yustina alikuwa anatafuta zawadi ya Sikitu, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa hajui kujifunga kamba za viatu. Wiki iliyofuata Sikitu angefanyiwa kicheni pati. Zawadi ya shangazi huingia ya mwisho, na hiyo ndiyo watu huondoka wakiizungumzia.

"Kwa hiyo lazima liwe kubwa," alisema Shangazi.

"Sikitu na mchumba wake Hango ni wawili tu, Shangazi."

"Na wageni?"

"Wageni hawalali ndani ya friji."

"We mtoto!" Shangazi alimchapa begani, kofi la mapenzi. Paskalina Ntandu hakuwa ndugu yake wa damu. Alikulia upande wa pili wa ukuta, akala kwenye sinia moja na Sikitu, akaenda chuo, akarudi na shahada. Sasa alikuwa mwonjaji wa mtaa wao wa Kindai. Hakuna kifaa kilichoruhusiwa kula umeme wa mtaa kabla yeye hajakionja. Kionjo chake, kidude chenye ukubwa wa kiberiti, kilifanya kazi kwenye nyaya za mtaa tu, kwa hiyo pale gulioni alikuwa na macho, mikono na masikio kama mtu mwingine yeyote.

Walipita mbele ya majitu ya mafriji yaliyotoka ng'ambo, yaliyotumika "kidogo tu", ya bei ya kuokota. Shangazi alipunguza mwendo. Paskalina alimshika mkono.

"Hilo rahisi kulinunua, Shangazi, lakini litakula mchana na usiku, na chakula chake kitatoka kwetu sote."

"Basi nionyeshe lenye adabu."

Walilikuta nyuma kabisa, karibu na muuza maandazi. Lilikuwa la kimo cha kifua, jeupe, lisilosema neno. Kwenye mlango lilikuwa na kibandiko cha kiwanda kilichosema: vijiko viwili kwa siku. Kijiko ndicho kipimo cha umeme ambacho kila mtoto wa Kindai alikijua kabla ya kujua kuhesabu. Paskalina aliomba kipande cha karatasi ya maandazi, akakibana kwenye mlango, akamwambia Shangazi akivute.

Shangazi alivuta. Karatasi haikutoka. Alivuta tena, ikachanika.

"Raba yake imeshika," alisema Paskalina. "Baridi haitoroki. Sasa sikiliza mota."

Shangazi aliweka sikio ubavuni mwa friji kama mkunga. "Inanguruma kama paka aliyeshiba."

"Ndiyo hilo."

Wakati Paskalina alipogeuka kumjibu mama mmoja aliyetaka kujua tofauti ya pasi mbili, Shangazi alibaki akilipapasa friji lake jipya huku akipima kwa viganja urefu wa ubavu wake, upana wa mgongo wake.

"Vumbi la Singida hili," alilinong'oneza. "Hutakaa uchi, mwanangu. Nitakuvika."

* * *

Ukumbi, uliotumia nyaya za mtaa, ulikuwa kando ya ziwa Singidani, na kupitia madirisha makubwa wageni waliwaona ndege heroe wakitembea kwenye maji ya kina kifupi kwa madaha, kama wakwe waliochelewa. Wanawake walivaa sare ya rangi ya alizeti. Kuku wa kienyeji walikuwa tayari jikoni, harufu yao ikipita katikati ya nyimbo na kuwavuruga waimbaji.

Nje, juu ya jabali, taa ya ghala ilionekana na kila mtu. Ghala ni betri ya mtaa, kubwa kama nyumba, na taa yake hueleza kitu kimoja tu: kwa ulaji wa sasa, akiba iliyomo itatosha kwa muda gani. Kijani ni salama. Njano ni tahadhari. Siku ile upepo ulikuwa umeanza kulegea, na taa ilikuwa njano.

"Mama wa jiko la kwanza, njoo!" aliita Emsii Tabu, mwanamke mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti ingawa alikuwa na viwili. "Njoo na magoti yako yote, tusije tukayatafuta chini ya meza!"

Wanawake waliingia wakicheza, kila mmoja na zawadi kichwani au mikononi. Kila kifaa kilipofika mbele, Paskalina alikichomeka kwenye kionjo, akasubiri sauti ndogo ya kisikilizio sikioni mwake, kisha akatamka maneno yaliyosubiriwa: "Karibu mezani!" Hapo vigelegele vililipuka. Jiko likakaribishwa. Birika likakaribishwa. Pasi ya Mama Msengi ilikaribishwa kwa shangwe za pekee, kwa kuwa Mama Msengi alicheza akiwa amembeba mwanawe mgongoni, na mtoto alicheka safari yote.

Mtoto Msengi alizaliwa kabla ya wakati, na mapafu yake yalikuwa bado yanajifunza kazi. Kwenye kiti cha mama yake palikuwa na kipumuo, mashine yenye ukubwa wa kikapu, ambayo mtoto alivalishwa kila alipolala. Kwa ajili ya kipumuo kile, nyumba yao ilikuwa na kiti cha kwanza mezani. Kila nyumba ya Kindai ilikuwa na kiti katika Meza, mtambo uliogawa umeme wa ghala, na nyumba ya kiti cha kwanza ilikatiwa mwisho wa wote. Hata hivyo, mwaka uliopita upepo ulipotulia, ghala lilishuka mpaka chini kabisa. Mama Msengi alihamia zahanati na mwanawe, akalala kwenye benchi mpaka mapanga yalipozunguka tena.

Tangu siku zile mtaa ulikuwa na jambo moyoni. Hesabu za vifaa vyote vilivyoonjwa zilionyesha kwamba umeme ungetosha. Haukutosha. Basi kulikuwa na mtu anayelamba sufuria kwa siri. Nani? Meza isingeweza kujibu, maana ilisikia jumla ya kila nyumba tu, na jumla za nyumba karibu zote zilikuwa zimepanda kidogo kidogo. Kuiacha Meza isikilize mpaka ndani, kifaa kwa kifaa, wakazi walikataa kwenye mkutano, wakasema nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Paskalina aliwapongeza kwa hilo. Lakini majirani walianza kuangaliana dirishani, na salamu zilikuwa fupi kuliko zamani.

"Sasa!" Emsii Tabu alishusha sauti, na ukumbi ukatulia. "Sasa anaingia mwenye mtoto. Aliyeosha, aliyelisha, aliyechapa kidogo pale ilipobidi. Shangazi wa bibi harusi, Yustina wa sindano ya dhahabu!"

Shangazi Yustina aliingia akisukuma kigari. Ukumbi wote ulivuta pumzi.

Friji lilikuwa limevaa gauni.

Lilikuwa gauni la kufuma kwa mkono, jeupe kama maziwa, lenye maua ya alizeti yaliyopanda kutoka sakafuni hadi juu. Lilikumbatia mgongo wa friji na mbavu zake zote mbili, likashuka mpaka chini kwa marinda, na ndani lilikuwa na bitana nene ya sponji ili vumbi lisipenye hata punje. Mlango tu ndio ulioachwa, umepambwa kwa utepe. Sikitu alijifunika uso kwa viganja na kulia kwa furaha. Hata mama wa Hango, mkwe, mwanamke aliyejulikana kwa kutosifia kitu, alisema, "Mh!" na wote walielewa kwamba amesifia.

Kwa kuwa friji huonjwa likiwa limeshapoza, liliruhusiwa umeme chumba cha nyuma tangu asubuhi, gauni likiwa mwilini na soda za wageni tumboni mwake. Paskalina alichomeka kionjo huku akitabasamu. Alijua jibu. Alilichagua mwenyewe.

Vijiko vitano, ilisema sauti sikioni mwake.

Alichomoa, akafuta vichomeo kwa ncha ya kitenge, akachomeka tena, akasubiri kimya.

Vijiko vitano kwa siku. Kinazidi mgao wa nyumba mpya.

Hakuna mwingine aliyeisikia. Kionjo kilisema na mwonjaji peke yake, na mtaa ulisema na kionjo kupitia kinywa chake. Kifaa kikikataliwa, mwonjaji hakutoa hotuba. Alichomoa waya, akaukunja vizuri, akauweka juu ya kifaa, na mwenyewe akakiondoa. Paskalina aliwahi kufanya hivyo kwa birika la mtu asiyemjua sana, na hata siku hiyo hakulala vizuri.

Alimwangalia Shangazi. Alikuwa amesimama na tepu yake ya kupimia shingoni, aliyosahau kuivua, anasubiri maneno mawili. Alimwangalia Mama Msengi, anayempepea mwanawe kwa kadi ya mwaliko. Kutamka "Karibu mezani" kungechukua nukta moja. Watu wangepiga vigelegele, na uongo ule ungekaa kimya nyumbani kwa Sikitu ukila, mpaka siku upepo utakapotulia.

"Paska?" aliita Shangazi.

"Shangazi," alisema Paskalina. "Kionjo kinaniambia vijiko vitano."

Hata jikoni walinyamaza. Emsii Tabu, aliyelipwa ili pasiwe na ukimya, alifungua kinywa, akasema, "Tano ni... ni idadi ya vidole, jamani, ni namba nzuri," kisha akakiweka kipaza sauti mezani kama mtu aliyeshindwa.

"Vitano?" Shangazi hakupaza sauti. "Tulilichagua pamoja. Nilivuta karatasi ikachanika. Kibandiko kilisema viwili. Nilisikiliza mota. Paska, nilifanya kila ulichonifundisha."

"Ulifanya, Shangazi."

"Basi kidude chako kimekosea."

"Hakijakosea. Nimekionjesha mara mbili waya uleule."

"Na mimi nimekosea?"

"Na wewe hujakosea."

Shangazi aliweka mikono kiunoni. "Basi kati yetu kuna mwongo. Na friji si yeye, maana lile lenye mdomo tuliliacha gulioni."

Kuna waliocheka, kicheko cha kuogopa. Lakini maneno yale yalimpata Paskalina. Alikiamini kionjo, alijifunza chuoni kila waya wake. Na alimwamini Shangazi, aliyemjua kabla ya kujua waya ni nini. Kama wote wawili walisema kweli, basi friji la gulioni na friji la ukumbini hayakuwa sawa. Kitu kilikuwa kimeongezeka katikati.

Aliupenyeza mkono chini ya marinda, akaupandisha ubavuni. Akautoa haraka. Kulikuwa na joto ndani, kama ndani ya mfuko wa mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

"Halipumui," alisema.

"Nini?"

"Friji halitengenezi baridi, Shangazi. Linachukua joto lililo tumboni na kulitupa nje kupitia mgongo na mbavu. Hili linatupa, na joto halina pa kwenda. Linarudi. Basi mota inakimbia, inakimbia, haipumziki." Aliligusa rinda moja. "Ni gauni. Lazima tulivue, tulionje tena."

Kelele ziliinuka pande zote.

"Kulivua? Mbele ya wakwe?"

"Zawadi iliyovishwa haivuliwi hadharani, Paskalina! Wewe umezaliwa wapi?"

Kila mwanamke pale alijua desturi. Zawadi huvishwa ili iingie kwa heshima, na anayeivua ni bibi harusi mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Kuivua ukumbini ni kusema kwamba haikupokelewa. Mama wa Hango tayari alikuwa amekunja mikono na kutazama dari.

"Halafu kuna sheria," alisema Paskalina, maana alijiahidi kutoficha kitu. "Jibu la kionjo likishatamkwa, kifaa hakionjwi tena. Tuliiweka baada ya watu kuleta friji la jirani lionjwe badala ya la kwao. Siwezi kuivunja kwa sababu Shangazi ni Shangazi wangu. Anayeweza kuruhusu ni mwenye kiti cha kwanza. Yeye ndiye atakayeumia zaidi kama mimi nina upendeleo."

Nyuso zote ziligeuka kwa Mama Msengi. Aliinuka polepole, mtoto mgongoni amelala sasa, kipumuo kikihema taratibu begani mwake.

"Mimi nililala kwenye benchi la zahanati," alisema. "Siwezi kusahau. Kwa hiyo naogopa friji la vijiko vitano kuliko mtu yeyote humu." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Lakini mwaka mzima nimemshuku kila jirani yangu, na nimechoka. Leo mtu ameniambia ukweli uliomuuma mwenyewe kuusema. Lionjwe tena."

"Na kuvua?" aliuliza Emsii Tabu.

"Kwani bibi harusi akibadilisha nguo ukumbini tunafanyaje?" Mama Msengi alifungua kanga iliyokuwa kiunoni mwake, akaitanda kwa mikono miwili. "Si tunamzungushia?"

Emsii Tabu alikidaka kipaza sauti kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kazi. "Kanga mbele! Wote wenye kanga! Friji linabadilisha, na atakayechungulia atalipa mahari!"

* * *

Ndani ya duara la kanga palikuwa kama chumba kidogo chenye kuta za rangi zote. Nje wanawake waliimba na kulizunguka. Ndani walikuwa watatu: Paskalina, Shangazi Yustina, na friji.

Shangazi alifungua vifungo vya mgongoni kimoja kimoja. Alipolishusha gauni, joto liliwapiga usoni. Aliweka kiganja chake kwenye ubavu mtupu wa friji, akakiacha hapo.

"Maskini," alisema. "Lina homa."

"Litapoa. Tulisogeze mbali na ukuta, tuliache wakati watu wanakula."

Walisukuma pamoja. Kisha Shangazi alikunja gauni polepole, akalibana kifuani. Hakuinua macho.

"Paska. Friji la huu ukumbi, kule jikoni, linavaa nini?"

Paskalina aliushughulikia waya usiokuwa na tatizo. Alikuwa ameliona alipoingia. Kitambaa cha samawati chenye bitana, kazi ya sindano ileile. Na la Emsii Tabu lilivaa la kijani. Na la mama yake mwenyewe lilivaa la waridi, lenye jina la ukoo. Tangu mwaka juzi Shangazi aliivalisha Kindai nzima. Friji hili alilinunua kwa jasho la kazi hiyo.

Nje wimbo ulifika mahali pa kupiga makofi. Paskalina aliwaza jinsi ilivyokuwa rahisi sasa. Friji lingeonjwa, lingekaribishwa, kila mtu angekula kuku na kwenda nyumbani. Jambo la pili angeweza kulisema siku nyingine, kwa upole, pasipo watu. Au asiliseme kabisa.

"Usinifiche," alisema Shangazi. "Umenisema mbele ya wakwe, sasa humu ndani ndiyo unaniogopa?"

"Karibu nyumba zote, Shangazi," alisema Paskalina, na machozi yakamtoka. "Mafriji yaliingia mezani yakiwa uchi, yakaonjwa, yakapita. Halafu yakavishwa nyumbani. Nilikuwa natafuta mlafi mmoja. Hakukuwa na mlafi."

"Kulikuwa na mimi."

"Ulikuwa unazuia vumbi! Hakuna aliyekuambia. Mimi nina shahada ya mambo haya na nimekaa sebuleni kwetu mbele ya lile la waridi, nikalisifia."

Shangazi alicheka kidogo bila kupenda. Kisha akalipapasa ua moja la alizeti mpaka mwimbaji wa nje akaanza ubeti upya. Msengi alipiga chafya mahali fulani nyuma ya kanga.

"Nikitoka na kusema," aliuliza, "nani ataninunulia tena?"

"Sijui, Shangazi."

"Angalau umesema hujui." Alipangusa uso wa Paskalina kwa ncha ya gauni la friji. Kisha akaligeuza lile gauni, akalitazama upande wa ndani, upande wa nje. Akavuta tepu shingoni. Akapima mgongo wa friji, akapima mbavu, akapima umbali kutoka ukutani, akinong'ona namba. Uso wake ulianza kubadilika, kama wa mtu anayekumbuka jina alilokuwa akilitafuta.

"Juu linaweza kuvaa?"

"Juu, kitambaa chepesi kisichoshuka ubavuni, hakina neno. Na mlango."

"Na nyuma pawe wazi kabisa?"

"Wazi. Pasiguse hata ukuta."

"Mh," alisema Shangazi, kwa sauti ileile ya mama wa Hango.

* * *

Walikula kwanza, kwa kuwa friji lilihitaji muda na kuku hawakutaka kusubiri. Wenye kanga walipokezana, hawa wakila, hawa wakishika, na duara halikuvunjika. Sinia zilipobaki mifupa, Paskalina alichomeka kionjo. Safari hii alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitoa kisikilizio sikioni, akakishikilia mbele ya kipaza sauti cha Emsii Tabu ili kila mtu asikie.

Vijiko viwili kwa siku, ilisema sauti ndogo, ikajaa ukumbi.

Wanawake walimtazama Paskalina, wakingoja maneno. Lakini kabla hajayatamka, Shangazi Yustina alitoka kwenye duara la kanga, gauni mkononi, akasimama mahali ambapo angeonekana na wote.

"Subirini. Msishangilie kwanza," alisema. "Mlafi aliyekuwa anatafutwa mtaani amepatikana. Ni hili gauni. Na ndugu zake wote walioko majumbani kwenu. Nimewafuma mimi." Aligeuka kwa Mama Msengi. "Mama Msengi, lile benchi la zahanati, nilikulaza mimi. Sikujua. Sasa nimejua, na sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

Paskalina alikuwa ameibana kanga ya mtu kwa nguvu mpaka mwenyewe akaivuta.

Mama Msengi alimtazama Shangazi. Halafu akatazama meza zote, nyuso za majirani aliowashuku, na wao wakatazamana, na kitu kikalegea mabegani mwao wote kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amelamba sufuria.

"Langu ni la zambarau," alisema Mama Msengi hatimaye. "Mimi mwenyewe, Shangazi. Mwenye kiti cha kwanza. Nalifua kila Jumapili na kulivisha tena, na nikimaliza nakaa dirishani naangalia nani anakula umeme wangu." Alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Jamani! Nilikuwa najichungulia mwenyewe!"

Ukumbi ulipasuka. Walicheka mpaka mtoto akaamka, akaangalia, akacheka naye.

"Sasa tutayavua yakae uchi?" aliuliza Emsii Tabu akifuta macho. "Na vumbi hili?"

"Nani kasema uchi?" Shangazi Yustina alikung'uta gauni la alizeti, akashika sehemu ya nyuma, akaikunja ndani, akazikunja na mbavu, akalishikilia juu ya friji ili waone. Maua yalimwagika mbele tu, mlangoni. "Hii bitana inatoka. Hizi mbavu zinatoka. Nyuma hakuna kitu. Nitalishonea gauni la mgongo wazi."

Wanawake walipiga mayowe. Wote waligeuka kumtazama mama wa Hango, mkwe asiyesifia, kuona kama mgongo wazi utapita. Alilikagua friji kwa utulivu, akazunguka nyuma, akarudi.

"Siku ya harusi," alisema, "mgongo kidogo unaruhusiwa. Mimi nifumie la bluu."

"Mimi la kwanza!" alipaza Mama Msengi. "Nina kiti cha kwanza!"

Hapo Paskalina aliweka kiganja juu ya friji dogo jeupe, ambalo sasa lilikuwa baridi mbavuni, na kusema kwa sauti yake yote, "Karibu mezani!" Sikitu alilikumbatia friji, kisha akamkumbatia Shangazi, kisha akamvuta na Paskalina, wote watatu wakakumbatiana, vigelegele vikipita madirishani na kuwarusha heroe kutoka majini.

Jioni walitembea kurudi mtaani kwa makundi, kila mmoja akiingia kwake kwa haraka isiyo ya kawaida. Paskalina na Shangazi walikaa kwenye ngazi ya nje, gauni la alizeti likiwa mapajani mwa Shangazi, mkasi ukifanya kazi. Upepo ulikuwa umekoma kabisa. Juu ya jabali mapanga yalisimama wima, hayatikisiki, na chini yake taa ya ghala bado ilikuwa njano.

Kutoka nyumba ya kwanza ilisikika sauti ya kitu kizito kikiburutwa mbali na ukuta. Kisha nyumba ya pili. Kisha ng'ambo ya njia, Mama Msengi akicheka na mtu dirishani, wakiulizana salamu ndefu za zamani.

"Paska," alisema Shangazi bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Niambie ikibadilika."

Paskalina aliitazama taa. Pembeni yake, kidogo kidogo, rangi ya kijani ilianza kuingia.